Kuwajibika kwa Nani, na kwa Lipi?

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba neno "responsible" hufuatwa aghalabu na kihusishi kimoja kati ya viwili, "for" au "to". Huikariri kanuni hiyo kama akaririvyo nyingine nyingi, akapita. Hii yataka asimame kidogo. "For" hutaja jambo lililo mikononi mwa mtu: ghala, darasa, maisha ya wagonjwa. "To" humtaja yule awezaye kumwita na kumwuliza. Katika Kiswahili vyote viwili huangukia "kwa" moja, hata tukisema kuwa mkuu wa shule awajibika kwa watoto, msikilizaji hajui bado kama watoto ndio amana aliyopewa au ndio mahakimu wake.

Asili ya neno hilo la Kiingereza ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujibu. Na hapana ajibuye pasipo kuulizwa. Waswahili walilijua jambo hili bila ya msaada wa Kilatini, maana mwenye kushika amana husema, "Mimi ndimi nitakayeulizwa," na kauli hiyo yanipendeza kuliko "kuwajibika" kote kwa barua za ofisini.

Mwingereza aweza kusema kwamba mvua ni "responsible for" mafuriko, yaani ndiyo iliyoyasababisha. Walakini hawezi kusema kwamba mvua ni "responsible to" mtu yeyote. Kitu kisicho na akili chaweza kuchukua kihusishi cha kwanza, hakiwezi kuchukua cha pili. Basi mtawala ambaye mambo yote ya nchi yamo mikononi mwake, na hapana wa kumwuliza, cheo chake katika sarufi ni sawa na cha mvua: huleta mavuno, huleta gharika, wala hashitakiwi.

Lord Durham, katika taarifa yake ya 1839 juu ya Kanada, alipendekeza serikali iitwayo kwa Kiingereza "responsible government", na Nova Scotia ikaipata mwaka 1848. Ndani ya jina hilo ilifichwa "to": mawaziri wajibu mbele ya baraza lililochaguliwa, si mbele ya gavana aliyetumwa kutoka London. Kenya ilipofikia kujitawala katika mambo ya ndani, tarehe 1 Juni 1963, jina la Kiswahili lililoshika ni Madaraka. Ni jina zuri. Ila nahofu kwamba sikio la wengi husikia ndani yake uwezo zaidi kuliko kuulizwa.

Je, "to" peke yake yatosha? Huko Nuremberg, mwaka 1945 na 1946, baadhi ya viongozi wa Ujerumani ya Wanazi walijitetea kwamba walitii amri. Hati iliyounda mahakama ile, katika kifungu chake cha 8, ilikuwa imekwisha kuifunga njia hiyo: amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia ya tendo lake, ingawa yaweza kufikiriwa katika kupunguza adhabu. Kwa maneno mengine, washitakiwa walileta "to" ili waifute "for", wakakataliwa.

Yuko atakayepinga kwamba ofisi ambayo kila karani hupima amri kwa dhamiri yake haitadumu mwezi mmoja. Hoja hii si nyepesi, na katika mambo madogo ya kila siku naikubali. Lakini kosa la watu wale halikuwa kujibu mbele ya mkubwa. Lilikuwa kudhani kwamba mkubwa peke yake ndiye mwenye haki ya kuuliza. Waliouawa hawakuwa na cheo chochote juu ya wauaji wao. Hata hivyo swali lilikuwa lao, na waliponyamazishwa, wengine waliliuliza kwa niaba yao.

Naona, basi, kwamba jina la kwanza kustahili kuandikwa baada ya "to" ni la yule ambaye tendo lamwangukia, na la mwenye kuamuru lije nyuma yake. Daktari wa hospitali hupeleka taarifa zake kwa mganga mkuu, na ndivyo ipasavyo. Mgonjwa aliyelala mbele yake, asiyejua hata jina la dawa anayochomwa, pengine hatajwi popote katika mkataba wa ajira. Naye ndiye wa kwanza kudaiwa jibu.