Baba ni Posho Tu?

Katika mji wetu wa Likasi, mtoto akiharibika watu huuliza upesi: Mama yake yuko wapi? Ni mara chache wanauliza: Na baba yake? Wakiuliza, jibu wanalo tayari: Baba yake hana kazi. Basi maneno yanaishia hapo, kana kwamba kukosa kazi ni kukosa kuwa baba. Tumelisikia jibu hili mara nyingi, hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa, nasi twaona yafaa kulitazama vizuri, maana ndani yake mna swali zito: Ni kitu gani kinachomfanya mtu kuwa baba?

Turudi nyuma kidogo. Mji wetu, ambao hata mwaka 1966 uliitwa Jadotville, ulikua kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, hapo mwanzo ilitaka wanaume peke yao: waje, wafanye kazi kwa miezi ya mkataba, warudi kwao. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengine walitoroka. Basi mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iligeuza njia yake. Ikawaita wanaume waje na wake zao, ikawapa nyumba kambini, ikatoa posho kwa mfanyakazi, na kwa mkewe, na kwa watoto wake. Mapadri Wabenediktini na masista wakafundisha watoto. Dawa nayo ilitoka kwa kampuni.

Wazee wetu wanaosifu siku zile hawasemi uongo. Mtoto wa kambini alikula, alisoma, alitibiwa. Lakini tuangalie jambo moja. Unga uliingia nyumbani kwa jina la baba. Mke aliandikwa kwa jina la baba, na watoto vilevile. Baba alitoka zamu, akaoga, akala bukari yake, akalala. Kulea? Yuko mama, yuko sista, yuko mwalimu, yuko mwuguzi. Hakuna aliyemdai neno lingine. Hivyo tukajifunza, kizazi baada ya kizazi, kwamba baba ni mlango ambao posho hupitia. Sisi watu wa Kanisa tulikuwamo, tukaridhika, kwa sababu nyumba zilikuwa na amani na shule zilijaa.

Mwaka 1967 kampuni ikawa ya Serikali, nayo ndiyo Gécamines. Kisha mambo yakaanguka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ulibomoka. Shaba iliyokuwa ikipita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50,000 kabla miaka kumi haijaisha. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fungu la fedha, wakaaga. Mpango huo, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, uliitwa kuondoka kwa hiari. Ukitaka kuwachekesha wazee wa Panda, watajie hiyo hiari.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga. Jina lake linauma: wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba yupi? Kampuni, au yule aliyewazaa? Kwetu sisi jina hilo linawagusa wote wawili.

Tuseme yuko mtu mmoja, nanyi wasomaji mnamjua, maana yuko katika kila njia ya Kikula. Fedha zake za 2003 alinunua gari la abiria, gari likafa. Mkewe akaanza kuuza makala, kisha unga. Sasa ni mama anayeleta chakula. Baba huyu hapigi mtu, halewi sana. Lakini anatoka asubuhi mapema na kurudi usiku, si kwa kazi, ila asionwe na watoto wake akiwa amekaa bure. Siku moja mtoto anarudishwa kutoka shule kwa kukosa malipo, anampita baba yake uani bila kusema neno, anaingia kumtafuta mama. Hapo baba anajiona amekufa. Wengine kama yeye wamekwenda kwenye machimbo, wakaoa huko mke mwingine, wasirudi tena.

Je, amekosa? Mtume Paulo anamwandikia Timoteo maneno makali juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake: kwamba ameikana imani. Maneno hayo yamewachoma wanaume wengi, nasi mapadri na makatekista tumeyahubiri bila huruma. Lakini Mtume anasema juu ya asiyetunza, si juu ya asiye nacho. Kutokuwa na fedha ni msiba. Kukimbia nyumba kwa sababu ya msiba huo, hilo ndilo kosa. Na kosa hilo halikuanza siku mshahara ulipokatika. Lilianza zamani, baba alipokuwa na mshahara na akadhani kwamba amemaliza.

Tulipoyasema haya katika mkutano mmoja wa jumuiya, mama mmoja alisimama. Akasema: “Baba Padri, mnawafundisha wanaume kukaa nyumbani na kupendwa, nasi tuendelee kuwalisha?” Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa kuwa alikuwa na haki. Ukimwambia mtu asiye na kazi kwamba kuwapo kwake kwatosha, umempa kiti cha kuketia tu, na mama ataendelea kuamka saa kumi ya usiku. Kuwapo kwa baba ni kazi. Ni kuteka maji, kumbeba mtoto mwenye homa hata zahanati, kwenda kuongea na mwalimu, kuuliza binti amerudi na nani. Wako wanaume wanaoona kazi hizi ni za kike. Hao wamtazame Mtakatifu Yosefu.

Papa Pius XII aliweka mwaka 1955 sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, na katika mji wa kazi kama wetu tuliipokea kwa furaha. Lakini Injili haisemi Yosefu alipata mshahara gani. Tunajua alikuwa seremala, na ya kuwa Hekaluni walitoa sadaka ya maskini, ndege wawili. Aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Huko ugenini nani alimwandikia posho? Na Yesu alipopotea Yerusalemu, Yosefu hakumwachia Maria kazi ya kumtafuta. Papa Fransisko, katika barua yake juu ya Yosefu ya Desemba 2020, alikaza jambo hilihili, kwamba kuzaa peke yake hakutoshi.

Huko Goma kuna shirika lisilotafuta faida, Living Peace Institute, lililowakusanya wanaume walioharibiwa na vita, wengine waliokuwa wakiwapiga wake zao. Walikaa makundi madogo, juma kwa juma, wakasema yaliyowapata, wakajifunza tena kuishi na mke na watoto. Shida yao ilitoka kwenye bunduki, yetu ilitoka kwenye kazi iliyofungwa. Lakini aibu ya mwanaume asiyeweza kusema ni ileile. Sisi hapa tuna jumuiya, tuna vyama vya akina mama. Wanaume tunawaita lini? Wakati wa kuchanga, na wakati wa kuchimba kaburi.

Basi tunaomba kila jumuiya iwakusanye akina baba mara moja kwa juma, wenye kazi na wasio na kazi pamoja, wala asiulizwe mtu analeta nini. Na mtoto akiandikwa kwa Komunyo ya kwanza, katekista amtake baba aje mwenyewe. Yule mama wa mkutanoni tulimwuliza kama atamruhusu mumewe. Akajibu: “Aje. Lakini siku hiyo asubuhi, gunia la makala atalibeba yeye.”