Bahati ya Mwenzio Usiilalie Mlango Wazi

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika mwaka 1945, wanajeshi wa Marekani walirudi kwao na bunduki nyingi za Kijapani zilizoitwa Arisaka. Baadhi zilikuwa za Aina ya 38, zilizoingia jeshini mwaka 1905, zenye kupiga risasi ya milimita 6.5. Bunduki zilikuwa tele, lakini risasi zake zilikuwa adimu. Risasi iliyojaa kila duka ilikuwa ile ya jeshi la Marekani lenyewe, .30-06. Hapo kukazuka mafundi wa nyumbani, kila mmoja na jiliwa lake na tupa zake, wakitafuta njia ya kuifanya bunduki ya Mjapani ile chakula cha Mmarekani.

Njia za kitaalamu zilikuwepo. Fundi aliyejua kazi alipanua chemba, yaani nafasi inamokaa risasi kabla ya kupigwa, ipokee ganda jingine huku kichwa cha risasi kikibaki cha upana uleule wa mtutu. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza: chemba na mtutu lazima vikubaliane.

Fundi mmoja wa nyumbani hakuifuata. Alichukua kekee ya kupanulia chemba ya .30-06. Kekee ya namna hiyo huwa na ncha ya mviringo mbele yake, ambayo hutangulia kuingia mtutuni ili ukataji uende sawa. Ncha ikakataa kuingia. Angejiuliza kwa nini, jibu lingekuwa mbele ya macho yake: mtutu ni mwembamba kuliko risasi anayotaka kuipitisha. Hakujiuliza. Aliinoa ncha mpaka ikapungua, ikaingia, akaendelea na kazi.

Kwa hiyo akawa na bunduki yenye chemba ya risasi ya milimita 7.82 na mtutu wa risasi ya milimita 6.7. Akaipakia, akaipiga. Haikupasuka. Akaenda nayo kuwinda, akaangusha kulungu. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba inampiga teke kali begani. Ilipochunguzwa na wenye ujuzi ndipo ilipojulikana kwamba kila risasi aliyoipiga ilikuwa inaminywa na kurefushwa ndani ya mtutu kabla ya kutoka. Kisa hicho kilichapishwa na jarida la American Rifleman mwaka 1959, na wapenda bunduki wanakisimulia mpaka leo, mara nyingi kwa kucheka.

Wanaocheka husema, "Ama kweli Arisaka ni chuma!" Hawakosei. Fundi maarufu wa Marekani, P. O. Ackley, alizijaribu bunduki kadhaa za kijeshi kwa kuzizidishia baruti hadi ziharibike, na Arisaka ya 6.5 ilizishinda nyingine kwa ustahimilivu. Lakini sifa hiyo ni ya Wajapani walioibuni na kuifua wakaiachia nguvu ya ziada. Yule bwana aliitumia akiba ya watu wengine bila kujua kwamba anaitumia. Angekuwa ameshika bunduki ya chuma hafifu, kosa lilelile lingemgharimu macho, mikono au uhai.

Kinachotisha katika kisa hiki ni kulungu aliyeanguka. Bunduki iliyopasuka mkononi hufundisha mara moja. Bunduki iliyobadilishwa vibaya ikafanya kazi humfundisha mwenyewe kwamba yeye ni fundi, na kesho atatengeneza ya jirani.

Wala ugonjwa huu haukuwa wa vibanda vya nyuma ya nyumba peke yake. Katika kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, na kile cha Rock Island, Illinois, mafundi wakongwe waliofua bunduki za kijeshi za M1903 walipima joto la chuma kwa jicho, wakitazama rangi yake. Siku ya jua kali, chuma chekundu huonekana kimepoa kuliko kilivyo. Siku ya mawingu huonekana cha moto zaidi. Hivyo vyuma vingine viliungua kupita kiasi vikawa vya kuvunjika kama kioo. Mwaka 1917 baadhi ya bunduki hizo zilipasuka, uchunguzi ukafanyika, vikaletwa vipimajoto na utaratibu mpya wa kuimarisha chuma. Zilizotangulia, zaidi ya milioni moja kutoka viwanda hivyo viwili, zikabaki na shaka. Nyingi kati yake hazikupasuka kamwe, na ndiyo maana kosa liliweza kujificha kwa miaka.

Marekebisho ya kifyatulio hudanganya kwa namna hiyohiyo. Mtu huona kifyatulio chake kizito, akachukua tupa na kupunguza nyuso za vipande vinavyoshikana ndani. Siku za mwanzo kinakuwa laini, naye anajisifu. Asichokijua ni kwamba katika bunduki nyingi ugumu wa vipande hivyo uko kwenye ngozi nyembamba ya juu, na tupa imeiondoa. Chuma laini cha chini huanza kulika, mshiko unapungua, mpaka siku moja bunduki inajifyatua ilipofungwa tu, au ilipodondoka, na kidole cha mtu hakikuwa karibu.

Kwetu Afrika Mashariki funzo hili lina jina: gobore. Kuna magobore yaliyoundwa kwa mabomba yaliyokusudiwa kupitisha maji, yakachomelewa, na baruti ikapimwa kwa kukisia. Ukimuuliza mwenyewe, atakuambia babu alilitumia na halikumdhuru. Ni kweli. Lakini kila mlio hutanua chuma kidogo, moshi wa baruti huacha kutu ndani, na ufa mwembamba kwenye kiungo cha kuchomelea hauonekani kwa macho. Miaka ya babu haikuliimarisha, imelichosha. Tena Tanzania, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kama ilivyo Kenya, kuunda silaha bila leseni ni kosa la jinai hata kama haijamdhuru mtu.

Tofauti ya kunusurika na kuthibitisha inaonekana vizuri Uingereza. London tangu mwaka 1637 na Birmingham tangu 1813 kuna vyombo vyenye mamlaka ya kupima mitutu. Bunduki hupigwa kwa shehena inayozidi ile ya kawaida, mahali palipokingwa, hakuna bega nyuma yake wala shavu kando yake. Ikistahimili hukaguliwa, kisha hugongwa muhuri. Iliyobadilishwa ikadhoofika haifai kuuzwa mpaka irudishwe ipimwe upya, hata kama ilikuwa na muhuri, kwa sababu muhuri ni wa bunduki ilivyokuwa, si ilivyofanywa baadaye.

Mwenye silaha halali asiiguse kwa tupa wala kekee. Ampelekee fundi mwenye leseni, na amwambie ukweli wote kuhusu nani aliyeigusa kabla. Aliyerithi gobore asilijaribu kuona kama bado linafanya kazi; alipeleke kituo cha polisi, hasa wakati serikali inapotangaza muda wa kusalimisha kwa hiari. Na mwenye karakana yoyote, ya bunduki, ya mitungi ya gesi au ya breki za lori, chombo kinapokataa kuingia, asikinoe kabla hajajua kwa nini kimekataa.