Fundi na Bahari Asiyoiona

Swali la insha hii ni jepesi kwa kulitamka, walakini ni zito kwa kulijibu. Fundi aliyeitwa kutengeneza kitu anadaiwa nini juu ya kasoro ambayo hakuitiwa, ambayo mwenye kitu haioni, na ambayo haitadhihirika mpaka kitu chenyewe kimekwisha kwenda mbali na macho yake? Wako wasemao kwamba anadaiwa kila jambo. Wako wasemao kwamba hadaiwi neno ila lile alilolipwa. Nadhani pande zote mbili zimefanya haraka. Ili tulipime swali sawasawa, msomaji, hatuna budi kulipakia katika chombo, na tena chombo kikuukuu.

Lakini kabla ya kufika baharini, njoo kwanza hadi Dagoretti Corner, upande wa magharibi wa Nairobi, pale ambapo Barabara ya Naivasha huiacha Barabara ya Ngong na kuelekea Kawangware. Kando ya njia hizo mafundi wa jua kali hushinda kazini mchana kutwa: huyu anachomelea chuma, yule anaranda mbao za kitanda, na mwingine amelala chali chini ya gari, miguu tu ikionekana. Kutoka hapo hata Mombasa kwa barabara si pungufu ya kilomita 480, na wengi wa mafundi hao hawana haja yoyote na bahari. Hata hivyo mahali pale hapakutengana na bahari kama mtu anavyoweza kudhani. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako papo hapo Dagoretti Corner, na Idara hiyo hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa wavuvi na mabaharia, hasa wakati wa kusi, bahari inapochafuka. Watu wakaao karibu mita 1,800 juu ya usawa wa maji humwambia nahodha wa Lamu kama kesho atweke tanga au alale bandarini. Wanamlinda mtu wasiyemwona, wala hapana anayeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Tutakuja kuona kama fundi aliye ng'ambo ya barabara anaweza kudaiwa kama wao.

Tuseme basi kwamba mtu mmoja wa pwani ana jahazi la zamani. Mkuku wake ni mzima, mataruma yake yamebadilishwa moja moja kwa miaka mingi, na kila mwaka hupwelezwa ufuoni likatiwa kalafati ya pamba iliyochovywa mafuta, kisha chini likapakwa deheni ya chokaa na shahamu ili wadudu watoboao mbao wasilile. Kazi hiyo wazee wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, wanaijua kuliko mwandishi yeyote. Juu ya tanga lake, jahazi hili limetiwa injini ya dizeli. Mwenyewe hufurahi kusema kwamba ana nguvu mbili: upepo ukifa atawasha injini, na injini ikifa atatweka tanga.

Maneno hayo ni kweli, lakini yana mtego. Mtu mwenye vitu viwili vya kumwokoa aghalabu hakitunzi hata kimoja. Tanga linaachwa livunde kwa kuwa injini ipo. Chujio la dizeli halibadilishwi kwa kuwa tanga lipo. Kila kimoja kinategemewa kuficha uzembe uliofanyiwa cha pili, na siku ya haja vyote viwili husaliti pamoja. Nimeona hali hiyo hata mbali na bahari, katika nyumba zenye umeme na taa ya mafuta, ambamo umeme ukikatika taa huonekana haina utambi.

Sasa injini hiyo imeanza kuchemka kupita kiasi. Mwenyewe ana fundi wake wa Dagoretti Corner, ambaye alikuwa akimtengenezea gari zamani, naye anamwamini. Injini inafunguliwa, inapakiwa katika lori pamoja na pampu zake, inapandishwa Nairobi.

Inafaa ujue kidogo jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana mzozo wetu umo ndani ya chuma. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikiwa mwaka 1897 kuonyesha injini isiyohitaji cheche ya kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa humo yakawaka yenyewe. (Bwana huyu mwenyewe alipotea baharini usiku mmoja wa Septemba 1913, akisafiri kwa meli kutoka Ubelgiji kwenda Uingereza, namna alivyokufa hubishaniwa mpaka leo.) Kwa sababu hiyo injini ya dizeli ina mahitaji machache, lakini hayana msamaha: hewa ya kutosha, mafuta safi yasiyo na maji wala mapovu ya hewa, na kitu cha kuipoza. Tena haina ulimi wa uongo. Moshi mweusi husema kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Moshi wa buluu husema kwamba mafuta ya kulainisha yanapenya na kuungua. Moshi mweupe usiokoma husema kwamba dizeli haiungui sawasawa, au maji yameingia mahali pasipo pake. Injini haidanganyi; ni watu wanaoidanganyia. Muuzaji mwovu hujaza mafuta mazito ili moshi wa buluu unyamaze kwa siku mbili tatu, mpaka pesa zimekwisha badili mikono.

Katika chombo cha baharini, kitu cha kuipoza injini ni maji ya chumvi yenyewe. Pampu huyavuta kwa kigurudumu cha mpira chenye mapezi, na kuyasukuma kwenye kipozeo, yaani kasha lenye mirija myembamba, ambamo huyapoza maji matamu yanayozunguka ndani ya injini. Mpira ule huzeeka. Pampu ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi, mapezi hukatika.

Fundi wetu anafungua pampu na kuona kwamba mapezi ni manne, na mahali pa mawili pa wazi. Mwenyewe amekuja na kigurudumu kipya mfukoni. Kukibadilisha si kazi ya saa nzima. Injini inawekwa juu ya magogo, mpira wa kuvutia maji unatumbukizwa katika pipa, injini inawashwa, na maji yanatoka upande wa pili. Haichemki. Mwenyewe anacheka, anatoa pesa.

Lakini yale mapezi mawili yako wapi?

Msomaji, hapo ndipo penye swali lote. Mpira hauyeyuki. Vipande vile viwili vilikwenda mbele pamoja na maji, na yamkini vimekwama katika mdomo wa kipozeo, vimeziba baadhi ya mirija. Juu ya magogo, bila mzigo, maji machache yanatosha. Baharini, jahazi limejaa watu na shehena, likipambana na kusi ili liingie katika mlango wa mwamba, injini ikiongezwa mpaka mwisho wake, hayatatosha. Kuvitafuta vipande vile ni kufungua kipozeo, kukwangua chumvi, kununua gasketi mpya, na kupoteza nusu ya siku. Hapana aliyemwomba fundi afanye hayo. Hapana atakayejua kwamba hakuyafanya.

Nataka kumtetea fundi kwanza, maana wahubiri wengi humhukumu mtu ambaye hawajawahi kushika spana yake. Yeye anaishi kwa kazi ya siku. Ana karo ya kulipa, na kibanda chake kiko kando ya barabara ambapo kesho anaweza kuambiwa ahame. Mteja alimshusha bei tangu asubuhi, naye akakubali kwa kuwa mteja mwingine hajaonekana. Ukimwambia kwamba uadilifu unamtaka afanye nusu ya siku bure, unamtaka maskini awape sadaka wenye majahazi. Hilo mimi silikubali. Wala si kila fundi anayeongeza kazi ni mwema: mwingine huanza na jambo la gharama kubwa hali lile jepesi halijatazamwa, akafumua pampu nzima ya dizeli kumbe injini ilizimika kwa sababu ya chujio lililoziba. Mteja aliyewahi kuibiwa hivyo ana haki ya kushuku kila anapoambiwa, "Kuna na jambo jingine."

Basi tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Kuna kazi, na kuna habari. Kazi huuzwa na kununuliwa, nayo ina mipaka ya mapatano. Habari ya hatari haina bei ya namna hiyo. Fundi hadaiwi kukifungua kile kipozeo bure, illa anadaiwa kusema, "Mapezi mawili hayapo, sikuyatafuta, na yanaweza kukuua." Maneno hayo hayamgharimu nusu ya siku. Yanamgharimu kicheko cha mteja, na pengine mteja mwenyewe, ambaye ataudhika na kwenda kwa fundi mwingine anayejua kunyamaza. Gharama hiyo ni kweli; siifichi. Lakini ukimya wake si ukimya mtupu. Alipoiwasha injini mbele ya mwenyewe, maji yakatoka, akapokea pesa, alikuwa amekwisha sema kitu: alisema kwamba imepona. Asiyesema uongo kwa ulimi anaweza kuusema kwa pipa la maji.

Liko na jambo jingine linaloonyesha kwa nini umbali haumwondolei mtu deni. Katika mita 1,800 hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko ile ya pwani. Injini iliyopimiwa pwani, ikiwashwa Nairobi na kupewa mzigo, yaweza kutoa moshi mweusi pasipo ugonjwa wowote, kwa kuwa mafuta ni yale yale na hewa imepungua. Fundi akiipunguzia mafuta hata moshi ukome, ameitengeneza kwa ajili ya Dagoretti Corner. Ikishuka pwani itakosa sehemu ya nguvu zake. Fundi hawezi hata kuwa stadi, sembuse kuwa mwadilifu, asipoitia akilini ile bahari asiyoiona. Ndivyo wafanyavyo majirani zake wa hali ya hewa kila siku, na hapo tunapata jibu la lile tuliloliacha nyuma: ndiyo, anadaiwa kama wao, kwa sababu kazi yake, kama yao, haiishii mahali alipoketi.

Tuseme amesema. Deni sasa limehama. Liko mikononi mwa mwenye jahazi, ambaye ni mtu wa pwani na anaijua methali ya wazee, kwamba wendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni kule chini, ndani kabisa ya chombo, mahali pa giza ambapo maji yote yavujayo hukusanyika, hata yale yaliyoingilia tundu lisiloonekana. Yeye akilifumbia macho neno la fundi, kisha akapakia abiria, hawezi kumsingizia tena mtu wa Nairobi. Na abiria je? Yeye ndiye wa mwisho katika mnyororo huu, na ndiye peke yake ambaye hakuambiwa lolote na hana njia ya kujua. Alilipa nauli, akaketi juu ya magunia, akatazama tanga.

Wayunani wa kale walikuwa na kisa cha merikebu ya shujaa Theseus, ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakabishana kama ni merikebu ile ile au ni nyingine. Plutarch ameyaandika hayo. Ni ubishi mzuri kwa watu walioketi nchi kavu. Baharia mwenye chombo kikuukuu ana swali jingine. Hajali sana kama jahazi ni lile lile. Anataka kujua nani alipigilia kila ubao, na kama mtu huyo aliuona ufa akanyamaza. Chombo cha zamani ni mikono mingi iliyofuatana, na kila mkono ulitegemea ukweli wa mkono uliotangulia bila kuuona.

Serikali nayo imejaribu kuweka jicho lake hapo. Nchini Kenya, Kenya Maritime Authority, iliyoundwa mwaka 2004, ndiyo yenye kusimamia usalama wa vyombo vya majini. Mkaguzi anaweza kuhesabu majaketi ya kuokolea, kutazama mbao, na kuamuru injini iwashwe. Akiona maji yanatoka ubavuni mwa chombo, ataona kile kile alichokiona mwenye jahazi kule juu ya magogo. Jicho lake haliingii ndani ya mirija. Pungufu hilo halifutwi kwa sheria nyingine, bali kwa kitu duni kabisa: kidaftari kilichochafuliwa mafuta, ambamo fundi ameandika tarehe, alichofungua, alichokuta, na alichokiacha bila kukifungua. Mafundi wachache sana hukitunza kidaftari cha namna hiyo, na mteja mkali humwambia fundi asiandike ila asije akaharibiwa bei siku ya kuuza chombo chake. Fundi aandike mbele yake.