Mikoko Ikihama, Nani Aipishe?



Likizo iliyopita nilikwenda Bagamoyo kumsalimia baba mdogo. Ni mwalimu mstaafu. Kwa sehemu ya kiinua mgongo chake alinunua kiwanja nyuma ya mikoko, kwa hati na risiti, bila kumdhulumu mtu. Siku hizi maji ya bamvua yanafika mpaka ukingoni mwa kiwanja, na mnazi wa pembeni umeanza kukauka. Akanionyesha mawe aliyorundika. "Frateri, najenga ukuta. Au falsafa yenu inakataza?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Wengi wetu tunadhani mkoko ni mti wa kusimama tu. Kumbe msitu wa mikoko unatembea. Mizizi yake hunasa tope linaloletwa na mto na bahari, na ardhi inainuka kidogo kidogo. Bahari ikipanda polepole, msitu unapanda nayo. Ikipanda haraka, miti ya mbele inakufa kwa kuzama, na miche mipya inashika upande wa nchi kavu. Ndivyo mikoko ilivyoishi maelfu ya miaka. Tatizo la sasa ni kasi. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20, na kuanzia 2006 hadi 2018 ulipanda kama milimita 3.7 kila mwaka. Wanasayansi waliochunguza tope la kale wanasema kasi ikizidi milimita 6 au 7 kwa mwaka, mikoko mingi haitaweza tena kujiinua. Inabaki kurudi nyuma. Na nyuma kuna nini? Barabara, mabwawa ya chumvi, nyumba za wageni. Na ukuta wa baba mdogo.

Sheria haitusaidii sana hapa. Tanzania Bara mikoko ni hifadhi ya misitu, kuikata bila kibali ni kosa. Lakini baba mdogo hakati hata tawi! Anajenga kwenye ardhi yake. Tunaulinda mti pale uliposimama leo. Pale utakapohitaji kusimama miaka 30 ijayo ni mali ya mtu.

Sasa, unaweza kumkosea mtu kwa kujenga kwako mwenyewe? Mkoko si mtu, na wapo wenzangu darasani ambao wangefunga mjadala hapo hapo. Mimi siwezi, kwa sababu kamba wachanga wanakulia kwenye mizizi ile, na kaa, na samaki ambao wavuvi wa pale watawahitaji hata watakapokuwa wameshazaliwa wajukuu zao. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakubali mtu kumiliki mali ili aitunze vizuri, lakini katika kuitumia anamtaka awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Nilimweleza baba mdogo hivyo, kwa maneno mengi kuliko haya (nilikuwa nimetoka kwenye mitihani).

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi gari sijawahi kuwa nalo. Maisha yangu yote nimekwenda shule kwa baiskeli. Waliochafua hewa wako mbali, na maghorofa yao hayajaguswa. Mbona mnaanza na mwalimu?"

Sikuwa na jibu, na sitajifanya nilikuwa nalo. Ana haki. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, alitaja mikoko inayotoweka, na alitaja pia deni la kiikolojia ambalo nchi tajiri zinadaiwa na nchi maskini. Basi anayeombwa kuiachia bahari kiwanja chake anapaswa kufidiwa, na si kuhubiriwa. Ila bado nasumbuliwa na jambo moja: ukuta ukijengwa, atakayelipa si yule mwenye ghorofa. Ni mama anayeokota kaa mbele ya ukuta, ambaye naye gari hana.

Na sisi vijana tusijione tumetoka salama. Tunapenda siku ya kupanda mikoko, tunavaa fulana, tunapiga picha. Mara nyingi miche tunaichomeka mbali mno kwenye tope, mahali maji yanapokaa muda mrefu, na mingi inakufa. Kuacha nafasi nyuma kungesaidia zaidi, lakini nafasi haipigwi picha. Tena ni rahisi kwangu kusema hivyo. Sina kiwanja.

Juzi amenipigia simu. Fundi yuko tayari, ila kamwambia asubiri kwanza. "Ukuta nikiurudisha nyuma," akauliza, "iwe hatua ngapi?" Sikujua. Tumekubaliana niende kwenye bamvua ya mwezi mpevu, tusimame wote wawili kiwanjani na fimbo, tuone maji yanafika wapi.