Asiye nacho na asiyetaka kulipa

 

Kazi yangu ni kudai. Ni mwanasheria niliyeajiriwa na kampuni ya jumla hapa Kariakoo, na mezani kwangu hazifiki kesi za mauaji wala za mirathi. Zinafika hundi zilizorudi benki na madaftari ya mali kauli. Msomaji asiyefanya biashara pengine haijui mali kauli: muuza rejareja anachukua mzigo kwa neno lake tu, kwamba atauza kisha ataleta fedha. Hakuna dhamana wala hati. Mtaa wa Congo, Swahili, Aggrey, kote huko watu wanaishi kwa kauli. Sisemi ni jambo baya, maana ndilo linalompa mtaji kijana asiye na nyumba ya kuweka rehani. Lakini Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, haizungumzii swala wala Hija. Inazungumzia deni: liandikwe, muda wake utajwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Majalada yangu mengi yasingekuwepo kama Aya hiyo moja ingefanyiwa kazi kwenye daftari la shilingi elfu moja.

Julai 10, 2021, usiku, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Haukupita muda bosi akanikabidhi orodha ya wadaiwa. Nikafanya nilivyozoea: notisi za siku 14, maneno yale yale, linalobadilika ni jina na kiasi. Kwamba usipolipa tutakufikisha mahakamani, na gharama zote zitakuwa juu yako.

Moja ilimfikia mama mmoja aliyekuwa na meza ndani ya soko. Alikuja ofisini nayo mkononi. Akasema, "Mwanangu, deni silikatai. Lakini barua hii kaandikiwa mtu mwenye mzigo. Mimi mzigo wangu ni majivu." Nyingine ilimfikia bwana mmoja ambaye duka lake liko mbali na soko, na moto haukugusa hata kufuli lake. Naye alinijibu kwa simu kwamba soko limeungua, hali ngumu. Nilipofuatilia nikakuta mzigo umehamishiwa duka jingine lenye jina la shemeji, na huko Mbagala anapandisha ghorofa.

Watu wawili hawa walipata barua moja kutoka kwangu! Na mimi ni mtu ninayesimama safu ya mbele Ijumaa.

Uislamu haukuwaweka pamoja. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inaamrisha mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Ama mwenye uwezo anayechelewesha makusudi, Mtume (s.a.w.) ameita kitendo chake dhulma, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo asije mtu akadhani naandika kuwatetea wakwepaji. Mdai ana haki ya kusema, tena kwa ukali. Bedui alipomdai Mtume ngamia wake kwa maneno makali, Maswahaba walitaka kumshughulikia, Mtume akawazuia, akaamuru alipwe ngamia aliye bora kuliko wake.

Hata sheria ya nchi inaijua tofauti hii, ila inaikumbuka mwishoni. Sheria ya Mwenendo wa Madai inamzuia dalali wa mahakama kukamata vyombo vya kupikia, vitanda na zana za fundi. Mdaiwa anayetakiwa kupelekwa gerezani kama mfungwa wa madai anaweza kumweleza hakimu kwamba ni umasikini, si ujeuri. Akifungwa, anayemdai ndiye anayetoa fedha za kumlisha, na akitoka deni liko pale pale. (Matajiri wengi hawaamini mpaka niwaonyeshe kifungu.) Lakini hayo yote yanakuja wakati wa kukazia hukumu, baada ya miezi au miaka, mama wa watu ameshauza hata cherehani alipe nauli na wakili. Swali la kama hana au hataki linatakiwa kuulizwa kabla ya notisi, na wa kuliuliza ni mimi niliyeshika kalamu.

Na kalamu hiyo ina jambo jingine zito zaidi. Mkataba wetu wa zamani ulikuwa na kipengele cha asilimia kwa kila mwezi wa kuchelewa. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Mwandishi ni nani hapo? Mshahara wangu unatoka wapi? Nilimwendea bosi, Muislamu mwenzetu. Akanijibu, "Benki inayonidai mimi haitaki kusikia hadithi." Tulibishana wiki nzima. Mikataba mipya kipengele kikaondoka. Ya zamani alikataa kuigusa, nami nikakataa kuidai hiyo asilimia, akampa wakili wa nje. Ile riba ya mahakama pia, asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu, siiombi. Sijioni nimesalimika.

Mfano ninaoutumia sasa ni wa Ka'b bin Malik. Alimdai mwenzake ndani ya msikiti wa Mtume, sauti zikapanda. Mtume akafunua pazia, akamwashiria Ka'b asamehe nusu. Ka'b akakubali. Hapo hapo Mtume akamgeukia mdaiwa: simama umlipe. Mdai amepunguza, mdaiwa naye hakuachiwa aondoke mikono mitupu.

Yule bwana wa Mbagala nilimshtaki, na sijuti. Yule mama tulikaa naye, bosi akapunguza theluthi, iliyobaki akalipa kidogo kidogo kila Jumamosi mpaka 2023.

Wapo ambao hata kidogo kidogo hawawezi. Kwa hao Allah (S.W.) ameweka fungu lao katika zaka, Suratut Tawba Aya ya 60, wenye madeni. Kila Ramadhani naona foleni mbele ya maduka yetu, watu wanagawiwa noti moja moja juani, na ndani ya duka hilo hilo kuna jalada la Muislamu aliyefilisika. Majina siwezi kuyaanika gazetini. Lakini imamu yeyote wa Kariakoo au Gerezani mwenye matajiri wanaotafuta pa kupeleka zaka zao aje ofisini, mdaiwa mwenyewe nitamwomba ruhusa, nasi tutakwenda kumuona pamoja.