Tawi Lililokatwa Bado Lina Uhai

Masomo: Yeremia 29:4–7, Amosi 7:14–15, Luka 19:1–10

 

Liko swali ambalo wazee wa kanisa wanaulizwa mara kwa mara wanapotembelea familia: “Sisi hapa tunapita tu. Nipande mti wa nini?” Swali hili si la uvivu. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kambi ya Dadaab itafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikazuia. Machi 2021 likaja tangazo jingine, la Dadaab na Kakuma pamoja, na baadaye ikatajwa Juni 2022. Mtu aliyelala na habari za namna hiyo miaka yote, ukimwambia habari za mti atakuona humjui. Leo tumjibu kwa Neno la Mungu, na kwa miti miwili ambayo ndugu zetu waliotoka upande wa Kismayo wanaifahamu.

Mti wa kwanza ni mkoko. Kutoka Kismayo kwenda kusini mpaka Ras Kamboni kuna visiwa vya Wabajuni: Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo. Katika mahori ya pwani hiyo, kama Buurgaabo, huota mikoko. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado juu ya mama yake, ikawa mche mrefu kama mkuki mdogo. Ikikomaa huanguka. Maji yakiwa yametoka, huchoma topeni. Yakiwa yamejaa, huelea wiki nyingi mpaka ipate pwani nyingine. Vita vilipoanza mwaka 1991, Wabajuni wengi, majirani zetu Waislamu, waliingia vyomboni wakakimbilia Lamu na Mombasa. Bahari iliwachukua kama inavyouchukua mche wa mkoko.

Lakini ukikata tawi la mkoko ukalichomeka topeni, kwa kawaida litakauka. Tawi hutaka mti wa namna nyingine.

Mti wa pili ni mkuyu. Mto Juba unaingia baharini karibu na Goobweyn, kaskazini kidogo ya Kismayo, na kando ya mto huo iko mikuyu. Mkuyu hupenda penye maji. Tawi lake likikatwa na kuchomekwa ardhini penye unyevu, huweza kutoa mizizi na kuwa mti kamili. Ndugu zangu, wengi wetu hatukuondoka kwetu kama mche uliokomaa ukaanguka kwa wakati wake. Tulikatwa. Tulitengwa na shamba, na kaburi la mama, na mtoto ambaye mpaka leo hatujui aliko. Kwa hiyo mkuyu una neno letu.

Asili ya mkuyu ni Afrika. Huku kwetu kuna mdudu mdogo wa jamii ya nyigu anayeingia ndani ya tunda na kulichavusha, ndipo mbegu zinakuwa na uhai. Mti ulipopelekwa Misri na nchi ya Israeli, mdudu huyo hakuwako. Mkuyu ukawa mgeni katika nchi ambamo haukuweza kuzaa mbegu ya kuota. Hata hivyo uliishi huko maelfu ya miaka, ukawa mwingi. Uliishi kwa sababu watu walikata matawi wakayapanda, kizazi baada ya kizazi. Mfalme Daudi aliweka msimamizi wa mizeituni na mikuyu (1 Nyakati 27:28). Nabii Amosi alikuwa mchungaji na mkulima wa mikuyu kabla Bwana hajamwita. Misri nayo, nchi yenye mikuyu tangu zamani za Farao, ndiyo iliyompokea mtoto Yesu alipokuwa mkimbizi pamoja na Yusufu na Mariamu (Mathayo 2:13–15).

Sasa tufungue Luka 19. Zakayo alikuwa mfupi, akapanda juu ya mkuyu pale Yeriko ili amwone Yesu. Yesu alipofika chini ya mti ule akatazama juu, akamwita kwa jina, na siku hiyo wokovu ukaingia nyumbani mwake. Tunamhubiri Zakayo kila mwaka, lakini je, tumewahi kuuliza ule mti ulifikaje pale? Katika nchi ile mkuyu hauoti wenyewe kwa mbegu. Yuko mtu aliyechomeka tawi. Jina lake halikuandikwa, na pengine alikufa zamani kabla ya siku ile. Hakujua kwamba anamwandalia mwenye dhambi mahali pa kumwona Mwokozi.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Unayepita unaweza kupanda kwa ajili ya atakayepita nyuma yako. Watu wa Yuda walipokuwa Babeli walitundika vinubi vyao kwenye miti ya kando ya mito wakalia (Zaburi 137), na Mungu hakuwakemea kwa kulia. Lakini kwa mkono wa Yeremia aliwaandikia pia wajenge nyumba, wapande bustani, na kuombea amani mji ule waliohamishiwa. Ahadi ya kurudi ilikuwa katika barua hiyohiyo, mistari michache tu mbele.

Kwa wanaotaka kupanda, fanyeni hivi. Ombeni tawi kwa mwenye mti. Msikate bila ruhusa, maana wenyeji wetu wana heshima na miti yao. Chagueni tawi lililokomaa, nene kama kidole gumba au zaidi, refu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Upande wa chini ukateni mshazari, wa juu ukateni sawa, msije mkalipanda kichwa chini. Ondoeni majani yote. Liwekeni kivulini siku moja mpaka utomvu ukauke, kisha fukieni nusu yake au zaidi, karibu na maji yanayomwagika bombani, mbali na ukuta na choo, kwa maana mizizi ya mkuyu huenda mbali. Zungushieni miiba ya mathenge, mbuzi wasile. Udongo uwe na unyevu siku zote.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, tawi linaweza kutoa majani kabla ya mizizi, kwa chakula lilichotoka nacho kwa mama. Msidanganyike mkaacha kumwagilia. Nasi tukimwona jirani aliyefika juzi anacheka ibadani, tusidhani ameshapona; tuendelee kumtembelea. La pili, msiling'oe kutazama kama limeota. Kila ukiling'oa unakata vimizizi vilivyoanza. Kuna familia zinaulizwa habari za walikotoka na kila mgeni anayekuja, na kila mara jeraha linafunguka upya. Tuwape kivuli na muda.

Mengine yatakauka. Msiache, chomekeni lingine mvua zikianza. Tukihama kabla mti haujatoa kivuli, atakaa chini yake mtoto wa mwenyeji, au mkimbizi ambaye bado hajafika. Naye Bwana anajua jina la aliyepanda.

Tuombe: Ee Baba, sisi ni matawi yaliyokatwa, lakini hukutuacha tukauke. Tupe unyevu wa Roho wako, utupe mizizi hapa ulipotuweka kwa leo, na mikono yenye kupanda kwa ajili ya wengine. Wakumbuke wapendwa wetu tusiojua waliko. Katika jina la Yesu, Amina.