Ati ni mchezo wa akili, si kamari

Kila mwaka, kati ya mwezi Mei na Julai, maelfu ya watu humiminika Las Vegas, Marekani, kwenda kucheza karata. Mashindano hayo, World Series of Poker, yalianza mwaka 1970, na shindano lake kuu lina kiingilio cha dola 10,000 kwa mchezaji mmoja. Huko ni mbali, lakini simu imeyaleta mpaka vibarazani kwetu. Wapo vijana wa Kiislamu wanaoyafuatilia, wanawajua mabingwa kwa majina, na wapo wanaouliza ni vipi mtu wa kawaida naye aweze kuingia.

Njia zinajulikana. Mwenye pesa analipa dola zake 10,000. Asiye nazo anaingia mashindano madogo ya kugombea nafasi, ambapo watu wengi wanachanga kidogo kidogo na mmoja wao anaibuka na tiketi ya shindano kuu. Ndivyo alivyofanya Chris Moneymaker mwaka 2003. Alikuwa mhasibu wa Tennessee, akacheza kwenye intaneti kwa dola 86, akapata nafasi Las Vegas, na akarudi nyumbani na dola milioni 2.5. Njia ya tatu ni ya bure kabisa: kampuni inatangaza mchezo usio na kiingilio, na zawadi yake ni nafasi.

Sasa, ukimwambia kijana kuwa hiyo ni kamari, anazo hoja. Na tumfanyie insafu, hoja zake si za kijinga.

Hoja ya kwanza ni kwamba poka ni akili, si bahati. Hapo kuna ukweli. Mchezaji hodari anapiga hesabu za karata zilizobaki, anasoma nyuso za wenzake, anajua wakati wa kuzuga na wakati wa kukaa kimya. Hata mahakama za Marekani zimelumbana juu ya jambo hili. Mwaka 2012 jaji mmoja wa New York, Jack Weinstein, aliamua kwamba ustadi ndio unaotawala poka, hivyo haiingii katika sheria ya shirikisho iliyokuwa mbele yake kuhusu biashara ya kamari. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo.

Lakini hilo ni swali la sheria zao. Fiqhi yetu inauliza jingine. Chukua mchezo wa sataranji, ambao hauna bahati hata chembe, kila kitu kiko wazi mbele ya macho. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kuucheza, wapo walioukataza na wapo walioulegeza. Ukiwekewa dau pande zote mbili, hitilafu inakwisha: ni haramu. Kama akili peke yake ingeihalalisha pesa, sataranji ingekuwa ya kwanza kuhalalika. Na yule wa pata potea pale stendi, mwenye karata zake tatu, naye anao ustadi, tena mkubwa.

Swali basi ni hili: pesa ya mshindi imetoka wapi? Mwaka 2023 waliingia shindano kuu watu 10,043. Waliolipwa chochote ni 1,507. Yaani watu 8,536 waliacha dola zao 10,000 pale na kuondoka mikono mitupu, na bingwa akachukua dola milioni 12.1. Hakuna aliyelima wala kujenga kitu katika siku zile. Ni pesa ya wenzake iliyohamia mfukoni mwake, na waandaaji wakakata fungu lao kabla ya karata ya kwanza kugawiwa. Mwenye nyumba hacheza, na hakosi.

Hapo kijana anatoa hoja ya pili, na hii ndiyo nzito: “Mimi sikulipa. Nimeingia bure. Nikishindwa sipotezi kitu, sasa kamari iko wapi?”

Tuitazame vizuri. Tunayo mashindano ya kuhifadhi Qur’ani, watoto wanapewa zawadi kubwa na hakuna anayenung’unika. Kwa nini? Kwa sababu zawadi inatoka kwa mfadhili. Mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho hakumchangia aliyeshika ya kwanza. Kama ile kampuni ingetoa zawadi yake mfukoni na mambo yakaishia hapo, mjadala wake ungekuwa mwingine, ingawa nayo haitoi bure kwa mapenzi, inatafuta wateja. Lakini zawadi yenyewe ni kiti Las Vegas. Ukikikalia tu, dola 10,000 zimewekwa dau kwa jina lako, na unachokitaka ni dola za wale elfu kumi uliokaa nao. Bure imeishia mlangoni.

Mwanafunzi wa fiqhi atatukumbusha muhallil, yule mshindani wa tatu asiyeweka dau katika mbio za farasi, ambaye wanazuoni wengi waliona anayahalalisha mashindano. Ni kweli, ingawa Imam Malik hakukubaliana nao. Lakini maneno yao yalikuwa juu ya farasi, ngamia na mishale, mambo ya kuwaandaa watu kulinda nchi. Kuyahamishia kwenye meza ya karata ni kuibeba ruhusa bila sababu yake.

Iko hoja ya tatu, ya sadaka. Mwaka 2012 katika mashindano hayo hayo kulikuwa na mchezo wenye kiingilio cha dola milioni moja. Waliingia watu 48, na katika kila kiingilio dola 111,111 zilikwenda kwenye miradi ya maji safi. Nani atachukia maji? Ila hili si jipya. Waarabu wa jahiliya walichinja ngamia, wakapiga kura kwa mishale kumi, saba yenye mafungu na mitatu mitupu. Waliotokewa na mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia, na washindi walijifakharisha kwa kuwagawia nyama mafukara. Hiyo ndiyo maysir. Qur’ani, katika Suratul Baqara, haikukana kwamba yamo manufaa. Ilisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Na anayetazama tu? Sitamhukumu kama mchezaji. Ila ajue kwamba kamera zinamwonyesha karata ambazo wachezaji wenyewe wamefichana. Yeye anaona zote, anaona kosa la kila mmoja, na moyo unamwambia: hapo mimi nisingekosea. Mwaka 2003, mhasibu yule aliposhinda mbele ya kamera hizo, washiriki walikuwa 839. Mwaka 2004 walikuwa 2,576, mwaka 2005 wakawa 5,619, na 2006 wakafika 8,773. Wengi wa hao walioongezeka walianza kwa kutazama.